Mafundi Wengi, Chombo Kimoja

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Pemba. Historia ya kazi: namna watu walivyopangwa katika kutengeneza programu za kompyuta.

Natumaini kila mtu ana karatasi ya somo mkononi, na mwalimu wa darasa amekaa karibu na redio ili aweze kuongeza sauti kama mvua itaanza kupiga bati. Asiyeweza bado kusoma haraka asihofu. Asikilize kwanza, kisha kesho asome polepole.

Leo tunalo somo la historia, lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya kazi. Tutauliza hivi: kazi ikiwa kubwa, nayo inataka watu wengi, watu hao wapangwe vipi ili kazi iende sawa?

Wahenga wetu walituachia majibu mawili, na ukiyatazama upesi utadhani yanagombana. La kwanza husema: Kidole kimoja hakivunji chawa. La pili husema: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Jibu la kwanza linatutaka tuwe wengi. Jibu la pili linatuonya juu ya wingi. Lipi la kweli? Yote mawili ni ya kweli, lakini kila moja lina mahali pake. Kupajua mahali hapo si jambo jepesi. Wako watu wenye elimu kubwa na fedha nyingi waliokosea hapo, na hasara yao ikawa kubwa. Nataka tuwatazame watu hao, kisha turudi hapa kwetu, mpaka katika kituo cha afya ambako mama humpeleka mtoto wake kuchanjwa.

PROGRAMU NI NINI?

Kompyuta ni mashine yenye nguvu nyingi na isiyo na akili yake yenyewe. Haijui kitu mpaka iagizwe. Maagizo hayo huandikwa na binadamu, moja baada ya moja, nayo yakikusanyika huitwa programu. Simu yako ya mkononi ni kompyuta ndogo. Unapomtumia mwanao pesa kwa simu, ziko programu zinazouliza: Je, mtu huyu anazo pesa hizo? Namba ya siri ni sahihi? Pesa zitoke wapi, ziingie wapi? Agizo moja likikosewa, pesa huenda kwa asiyehusika.

Programu kubwa huwa na maagizo maelfu kwa maelfu, hata mamilioni. Mtu mmoja hawezi kuyaandika yote katika muda unaofaa. Kwa hiyo hukusanywa mafundi. Hapo ndipo swali letu linapoanza.

Kabla hatujasafiri mbali, tazameni kazi mbili tunazozijua sote. Ya kwanza ni kuchuma karafuu. Mikarafuu ikiwa imezaa vizuri, wachumaji 20 watachuma zaidi kuliko wachumaji 10. Kila mmoja ana tawi lake na pakacha lake, na wala hana haja ya kumwuliza mwenzake kitu. Ya pili ni kuunda dau. Hapo kila ubao lazima ukutane na ubao mwingine, na mbao zote zikutane na mataruma, na mataruma yakae sawa juu ya mkuku. Fundi wa upande wa kulia akiukunja ubao wake kwa namna yake, bila kumwambia wa upande wa kushoto, chombo kitalala ubavu siku ya kwanza kitakapotiwa majini. Ukileta mafundi 20 juu ya dau moja, watakanyagana.

Basi, kutengeneza programu ni kama kuunda dau, si kama kuchuma karafuu. Likumbukeni jambo hili, maana wakubwa wengi walilisahau.

NAMNA YA KWANZA: JESHI KUBWA

Tarehe 7 Aprili 1964, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta mpya za ukubwa mbalimbali, ambazo zingeweza kutumia programu zilezile. Lilikuwa jambo kubwa, kwani kabla ya hapo mtu akinunua kompyuta nyingine, mara nyingi ilimlazimu kuandikiwa programu upya. Lakini kompyuta hizo zilihitaji programu moja kuu ya kuziongoza. Iliitwa OS/360. Aliyepewa kuisimamia alikuwa Bwana Frederick Brooks.

Watu wakaajiriwa, wakaongezwa, wakaongezwa tena. Kazi ilipopamba moto, waliokuwa wakishughulika na programu hiyo walizidi 1,000, wakiwamo waandishi wa maagizo, waandishi wa vitabu vya maelezo, makarani na wasimamizi. Hata hivyo programu ilichelewa, gharama ikazidi iliyotarajiwa, na ilipotolewa ilikuwa na makosa mengi.

Baadaye Bwana Brooks akawa mwalimu wa chuo kikuu katika jimbo la North Carolina, na mwaka 1975 akatoa kitabu kiitwacho The Mythical Man-Month. Alikubali makosa yake waziwazi, na hiyo ni sifa kubwa kwa mtu mkubwa. Fundisho lake lilikuwa hili: kazi ya programu ikisha kuchelewa, ukiongeza watu huichelewesha zaidi. Kwa nini? Kwa sababu wageni lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale waliokuwa wakifanya kazi. Tena, kila mtu anayeongezwa huongeza njia za mazungumzo.

Hapa tufanye hesabu kidogo. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni. Watu 3 wanaotaka kusikilizana, kila mmoja na mwenzake, wana njia 3 za mazungumzo. Watu 4 wana njia 6. Watu 10 wana njia 45. Watu 50 wana njia 1,225! Mmeona? Watu wameongezeka kutoka 10 hadi 50, yaani mara 5, lakini njia zimeongezeka zaidi ya mara 27. Na katika kila njia neno linaweza kupotea, au kugeuzwa, au kukawia.

Katika kuchuma karafuu njia hizo hazina kazi sana. Katika kuunda dau ndizo roho ya kazi.

NAMNA YA PILI: FUNDI MKUU NA WASAIDIZI

Mwezi Oktoba 1968 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Garmisch, Ujerumani, wakajadili taabu hii. Programu nyingi zilikuwa zikichelewa na kukosewa, na watu wakaanza kusema kuwa kuna msiba katika kazi hiyo.

Bwana Harlan Mills, naye wa IBM, alitoa shauri. Alisema: Badala ya jeshi, tuwe na kikundi kidogo chini ya fundi mkuu mmoja hodari. Fundi huyo achore umbo la kazi na kuziandika mwenyewe sehemu zilizo ngumu. Awe na msaidizi anayejua kila anachokijua yeye, ili akiugua kazi isisimame. Awe na karani wa kutunza maandishi yote kwa utaratibu. Wengine waitwe inapohitajika tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikundi cha namna hiyo kiliifanyia kazi gazeti la New York Times, katika programu ya kuhifadhi na kutafuta habari zake za zamani, nacho kikasifiwa sana.

Namna hii twaijua. Ndiyo ya fundi wa mashua na wanafunzi wake. Uzuri wake ni kwamba chombo huwa na akili moja, na mbao hukutana. Ubaya wake ni kwamba kila kitu humtegemea mtu mmoja. Mafundi hodari wa namna hiyo si wengi, na kazi ikiwa kubwa mno hata hodari hawezi kuimeza. Tena fundi mkuu aweza kupenda umbo lake mwenyewe kuliko haja ya atakayekipanda chombo.

NAMNA YA TATU: MLANGO ULIO WAZI

Mwezi Agosti 1991 kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki na umri wake miaka 21, aliwatangazia watu kwa njia ya kompyuta kwamba anaandika programu ya kuongoza kompyuta. Hakuificha. Aliiweka wazi, mtu yeyote aisome, aijaribu, aseme kosa alilolikuta, na akiweza alirekebishe. Programu hiyo ikaitwa Linux. Watu wa nchi nyingi wakaingia, wengi wao hawajaonana uso kwa uso hata siku moja. Leo Linux huongoza kompyuta nyingi sana duniani, na simu za Android zimejengwa juu yake.

Mtu atasema: Mbona hapa wengi wamefaulu, na kule IBM wengi walishindwa? Swali zuri. Jibu ni kwamba mlango ulikuwa wazi, lakini nyumba haikukosa mwenyewe. Kila aliyeleta rekebisho alilipeleka kwa msimamizi wa sehemu ile. Msimamizi alilichungua, akalikubali au akalikataa, na kwa yaliyo makubwa neno la mwisho likabaki kwa Torvalds. Kwa hiyo watu maelfu hawakuhitaji kuzungumza kila mmoja na mwenzake. Walitafuta makosa kama wachumaji, kila mtu katika tawi lake, na mbao zikaunganishwa na wachache.

Lakini namna hii nayo ina upungufu. Aliyeingia mlangoni alikuwa fundi, ajuaye lugha ya mafundi. Mtumiaji asiyejua kuandika programu, sauti yake ilikuwa ndogo.

NAMNA YA NNE: VIKUNDI VIDOGO NA HATUA FUPI

Kwa miaka mingi mashirika makubwa yalipenda utaratibu huu: kwanza andika mahitaji yote, kisha chora umbo lote, kisha andika maagizo yote, kisha jaribu, na mwisho mpe mwenye kazi. Ulikuwa utaratibu mzuri machoni, lakini mara nyingi mwenye kazi aliiona programu yake baada ya miaka, akasema, "Siyo hii niliyoitaka."

Mwezi Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tangazo fupi. Walitaka kazi ifanywe kwa hatua fupi. Kikundi kidogo kitengeneze sehemu ndogo inayofanya kazi, kimwonyeshe mtumiaji, kisikie neno lake, kirekebishe, kiendelee. Mawazo hayo yalikuwa yamekwisha kujaribiwa na baadhi yao tangu miaka ya 1990, ila sasa yalipata jina moja na kuenea.

Afrika ya Mashariki tunao mfano wa faida ya kumsikiliza mtumiaji mapema. Mwaka 2005 huko Kenya, Safaricom na Vodafone zilianza kujaribu huduma ya simu kwa watu wasiofika 500, mjini Nairobi na Thika. Kusudi lilikuwa watu hao walipe mikopo yao kwa simu. Lakini wajaribu walipotazama kwa karibu, waliona watu wanaitumia kwa mambo mengine: huyu anamtumia mwenzake pesa, yule anaweka pesa zake humo usiku ili zisiibiwe njiani. Basi wakaacha kuifungia huduma katika mikopo, wakaifanya iwe nyepesi, na tarehe 6 Machi 2007 ikafunguliwa kwa watu wote, ikitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Ndiyo M-Pesa. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Lau wangengoja kumaliza kila kitu ndipo wawaonyeshe watu, wangelileta chombo kizuri cha kulipia mikopo, na haja kubwa ya watu ingebaki palepale.

KAZI HUFANANA NA WALIOIFANYA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Bwana Melvin Conway, aliandika makala akitoa wazo ambalo mafundi wa programu hawajaliacha mpaka leo. Kwa maneno yangu mimi, wazo lenyewe ni hili: chombo kinachotengenezwa na watu wengi hutoka kwa sura ya mazungumzo yao. Wakiwa makundi manne yasiyosemezana, watatoa kitu chenye vipande vinne visivyoungana. Hawakukusudia. Ni kwamba penye ufa kati ya watu, pana ufa katika kazi.

Mimi mwenyewe nimeliona jambo hili katika kazi yangu ya elimu, pasipo kompyuta yoyote. Nilipokuwa naanza kazi, mwalimu mmoja wa watu wazima alinionyesha fomu tatu zilizotoka kwa wakubwa watatu, zote zikiuliza idadi ya wanafunzi wake. Moja iliwataka kwa umri, ya pili kwa jinsia, ya tatu kwa kiwango cha kusoma. Hesabu za fomu hizo hazikulingana. Nilimlaumu mwalimu. Baadaye nilitambua kwamba wale wakubwa watatu hawakuwa wamekaa pamoja hata siku moja, na mwalimu yule alikuwa akiubeba ufa wao mgongoni. Nilirudi kumwomba radhi.

HABARI YA VITUO VYA AFYA

Jambo kama hilo, lakini zito zaidi kwa kuwa lahusu uhai wa watu, lilitokea katika hesabu za afya. Afrika Kusini, katika siku za utawala wa ubaguzi wa rangi, idara za afya ziligawanywa zikawa 14. Ubaguzi ulipokwisha mwaka 1994, nchi ilikuwa moja lakini hesabu za afya zilikuwa vipande vipande. Ndipo watu wa vyuo vikuu vya huko, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walipoanza mradi uitwao HISP. Mafundi wachache walikwenda katika wilaya za Cape Town, wakakaa na wafanyakazi wa afya, wakawatengenezea programu, wakawaonyesha, wakaibadili, wakawaonyesha tena. Programu hiyo ikaitwa DHIS.

Mwaka 2005 kazi hiyo ilianza Zanzibar, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo, kwa msaada wa Denmark. Hali iliyokutwa twaweza kuieleza kwa maneno ya Bwana Conway. Kila mpango wa afya ulikuwa na fomu zake na njia yake ya kupeleka hesabu. Wa malaria ulikuwa na zake, wa UKIMWI zake, wa chanjo zake, wa mama na mtoto zake. Juu kulikuwa na ofisi mbalimbali. Chini kabisa alikuwapo muuguzi mmoja, na mbele yake foleni ya wagonjwa. Muuguzi huyo ndiye aliyezijaza zote, na jambo moja akaliandika mara mbili au zaidi.

Je, dawa ilikuwa kompyuta? La. Kama wangeziingiza fomu zilezile katika kompyuta, wangepata fujo ileile, ila yenye kwenda mbio. Kwanza watu wa mipango mbalimbali ilibidi wakae pamoja wakubaliane nini kihesabiwe, na nani ahesabu, ndipo programu iweze kuunganisha hesabu hizo mahali pamoja.

Kisha likafanyika jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa zaidi. Kila robo ya mwaka watu wa wilaya walikutana katika warsha, wa Unguja na wa Pemba. Kila wilaya ilisimama na kuonyesha hesabu zake zenyewe mbele ya wilaya nyingine, na wenzao wakauliza maswali. Kosa likaonekana mbele ya watu wanaojua kazi, si mbele ya mkubwa wa mbali tu. Fomu zenye kasoro zikarekebishwa kutokana na yaliyosemwa. Habari za warsha hizo ziliandikwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, ili nchi nyingine zijifunze kwa Zanzibar.

Tuchukue mfano wa kufikiria tu. Tuseme wilaya moja yaonyesha kwamba watoto waliotakiwa kuchanjwa walikuwa 100, na waliochanjwa ni 112. Mtu wa mbali atasema, "Hongera, mmepita lengo!" Mwenzao wa wilaya jirani atasema, "Hebu ngojeni. Hao 12 wametoka wapi?" Labda wametoka shehia za jirani, na huko kwao wanahesabiwa kuwa hawakuchanjwa. Labda mtoto mmoja kaandikwa mara mbili. Labda ile idadi ya 100 ni ya zamani. Kila jibu lina tendo lake. Likikosewa, sindano za chanjo zitapelekwa penye watoto wachache, na penye watoto wengi zitapungua. Hapo si karatasi tena inayopata hasara, ni mtoto.

Programu yenyewe nayo ilikua. Tangu mwaka 2004 mafundi wa Oslo walianza kuiandika upya, ili itumike kwa njia ya intaneti, nayo ikaitwa DHIS2. Iliachwa wazi kama Linux, na mwanzoni palikuwa na tamaa kwamba mafundi wa nchi nyingi wataiandika pamoja, kila mmoja akiwa kwao. Haikuwa rahisi, kwani umbali ulikuwa mkubwa na mbao zilikataa kukutana. Mwishowe ukapatikana mpango wa katikati. Mkuku wa chombo huundwa Oslo na kikundi kimoja, na vikundi vya nchi mbalimbali, kikiwamo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huitengeneza kufuata haja za kwao na kuongeza sehemu zao. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na siku hizi nchi zaidi ya 70 huitumia.

Je, taabu imekwisha? Hapana. Kutoka kituo cha afya cha Pemba mpaka kwa fundi wa Oslo ni mbali, na neno la muuguzi lazima lipite mikono mingi. Warsha zinataka nauli, na nauli inataka fedha. Muuguzi bado ana foleni. Mkutano ukiachwa, ufa hurudi polepole, hata kama kompyuta ni mpya.

TUFANYE HUKUMU

Tumeona namna nne. Jeshi kubwa lina nguvu, lakini hulemewa na njia za mazungumzo. Fundi mkuu huleta umoja wa chombo, lakini kazi humtegemea yeye. Mlango ulio wazi huleta macho mengi ya kutafuta makosa, lakini lazima pawe na msimamizi, na asiye fundi husahauliwa. Kikundi kidogo chenye hatua fupi humsikia mtumiaji mapema, lakini kwa kazi ya nchi nzima vikundi huwa vingi, na swali la nani anazungumza na nani hurudi tena.

Kwa hiyo msichague namna kwa sababu imesifiwa. Ulizeni maswali mawili. La kwanza: kazi hii yaweza kugawanyika kama matawi ya mkarafuu, au imeshikana kama mbao za dau? Ikiwa yagawanyika, iteni watu. Ikiwa imeshikana, punguzeni watu, au igawanyeni kwanza kwa uangalifu. La pili: mtu wa mwisho anayekitumia chombo akiona kosa, neno lake litachukua muda gani kumfikia anayeweza kulirekebisha? Ikiwa ni siku tatu, mpango wenu una afya. Ikiwa ni miaka mitatu, mpango ni mgonjwa, hata kama wakubwa ni hodari na mashine ni ghali.

Sasa tunaweza kuzipatanisha methali zetu. Chombo kiwe na nahodha mmoja, ndiyo. Lakini baharia aliyekaa omoni, akiona mwamba, aruhusiwe kupiga kelele, na nahodha ageuze usukani bila kuuliza huyu ni nani. Chombo cha namna hiyo kina nahodha mmoja na macho mengi.

Nanyi mnaojifunza kusoma na kuandika leo mna sehemu yenu. Mama anayeweza kusoma kadi ya mwanawe aweza kusema, "Bibi muuguzi, hapa umeandika tarehe ya mwezi uliopita." Neno hilo dogo ndilo linaloanza safari ya kwenda mpaka kwa fundi. Asiyesoma hawezi kuliona kosa, na kosa lisiloonwa hakuna awezaye kulirekebisha, awe Pemba au Oslo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja kazi moja ya shehia yenu inayofanana na kuchuma karafuu, na moja inayofanana na kuunda dau. Eleza kwa nini.

2. Watu 5 wakitaka kuzungumza kila mmoja na mwenzake, njia ni ngapi? Chora vitone vitano ubaoni, uviunganishe, kisha uhesabu.

3. Kwa nini Bwana Brooks alisema kuongeza watu huchelewesha kazi iliyokwisha kuchelewa?

4. Kwa nini kompyuta peke yake isingeponya hesabu za vituo vya afya?

5. Katika ushirika wenu, au kamati ya maji, au darasa hili, mtu akiona kosa humwambia nani? Je, neno lake hufika?

Swali la tano andikeni majibu yake kwa sentensi tatu au nne, kila mtu kwa mkono wake. Mkiona kwamba katika darasa hili neno halifiki, anzeni kurekebisha hapo. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.